Robert Ouko kabla ya Got Alila

Ukimtaja Dkt. Robert Ouko hapa Kisumu, mazungumzo hukimbilia Koru, alikokuwa na shamba, na kilima cha Got Alila, ambapo mwili wake ulipatikana Februari 1990. Uliza alifanya kazi gani alipokuwa hai, utaambiwa: waziri. Basi. Tuizungumzie kazi hiyo.

Alizaliwa Nyahera mwaka 1931, akasoma Ogada na Nyang'ori, kisha akasomea ualimu Siriba. Alifundisha shule ya msingi, akawa afisa wa mapato Kisii, na mwaka 1958 akaelekea Addis Ababa kusomea utawala wa umma na uchumi. Baadaye alichukua stashahada ya uhusiano wa kimataifa Makerere. Kenya iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru haikuwa na wengi wenye elimu hiyo, naye akapanda haraka hadi ukatibu mkuu wa wizara.

Kwangu mimi, sehemu nzito ya maisha yake ni Arusha, na ndiyo isiyosimuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao huko Arusha, iliundwa kwa mkataba wa 1967, na Kenya, Uganda na Tanzania zikamiliki kwa pamoja reli, bandari, posta na shirika la ndege. Mtu wa Kisumu aliiona Jumuiya pale gatini: mabehewa ya mizigo yakisukumwa moja kwa moja kutoka relini hadi ndani ya MV Uhuru, meli iliyotandikwa reli tumboni, yavushwe ziwa bila gunia kushushwa. Meli na mabehewa, vyote mali ya shirika moja la nchi tatu.

Ouko alikuwa waziri ndani ya Jumuiya hiyo, kwanza wa fedha na utawala, halafu wa soko la pamoja. Ilikuwa kazi ngumu kweli. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na mkutano wa marais watatu, chombo cha juu kabisa, haukufanyika tena. Mawaziri wa Arusha wakabaki kuendesha mambo ambayo wakubwa wao hawakuweza hata kukutana kuyajadili. Huko Ouko alikomaa kidiplomasia, kwenye kazi ya kila siku isiyopigiwa makofi.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na meli zikagawanywa. Uhuru ikabaki Kenya. Ouko aliteuliwa mbunge, akachaguliwa Kisumu Rural mwaka 1979, akawa waziri wa mambo ya nje hadi 1983 na tena kuanzia 1988. Katika kipindi cha kwanza, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mwaka 1981. Kuhusu kifo chake, tume ya uchunguzi ya Jaji Gicheru ilivunjwa na Rais Moi mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, makao yake yakiwa Arusha vilevile, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapa Kisumu. Wanachama wameongezeka, ila maamuzi ya wakuu wa nchi bado hupitishwa kwa maafikiano ya wote, kwa hiyo rais mmoja akigoma, mawaziri wa leo watajikuta pale pale alipokuwa Ouko mwaka 1971.