Je, wajua kwa nini chuo kidogo cha Hartford kilishinda mechi 252 mfululizo?

Ukitaja skwoshi mbele ya watu wengi wa kwetu, la kwanza litakalowajia ni ile chupa ya juisi nzito ya machungwa inayochanganywa na maji mgeni akibisha hodi. Skwoshi ninayoisema hapa ni nyingine: wachezaji wawili, raketi mbili, chumba chenye kuta nne na kampira kadogo ka raba kanakogongwa ukutani. Ni katika mchezo huu ambamo timu ya wanaume ya chuo kimoja cha Marekani ilishinda mechi 252 bila kupoteza hata moja, tangu mwaka 1998 hadi Januari 2012. Rekodi ya vyuo vya nchi hiyo, ukihesabu michezo yote, ilikuwa ya waogeleaji wa Yale: ushindi 201 mfululizo, uliokoma mwaka 1961.

Ungetegemea aliyeivunja awe Harvard au Princeton, vyuo vyenye mali na majina. Wapi! Ni Trinity College, chuo chenye wanafunzi 2,000 na ushei, kilichopo Hartford, jimbo la Connecticut, mji unaojulikana zaidi kwa kampuni za bima kuliko kwa michezo. Iliwezekanaje?

Wengi hujibu haraka: kocha. Kocha alikuwa hodari, sibishi. Ila mimi naona jibu linaanzia kwenye mpira wenyewe.

Skwoshi ilizaliwa katika karne ya 19 shuleni Harrow, Uingereza. Miaka ya 1880 ikavuka bahari na kutua St. Paul's School, shule ya bweni iliyopo Concord, New Hampshire, ambako vilijengwa viwanja vya kwanza vya mchezo huo Marekani. Huko ikabadilika tabia. Wamarekani wakashikilia mpira mgumu, na uwanja wao ukawa na upana wa futi 18 na nusu. Waingereza wakabaki na mpira laini na uwanja wa futi 21. Tofauti hiyo ni sentimita 76 tu, hatua moja ya mtu mzima, lakini ilitosha kuzaa michezo miwili. Mpira mgumu hukimbia mno na kurudi wenyewe, na mpigaji mwenye mkono mzito humaliza kazi mapema. Mpira laini ukiwa baridi haudundi. Lazima ugongwegongwe hadi upate joto, na hata hapo anayeshinda ni mwenye pumzi, miguu na subira.

Sasa angalia nani alijifunza upi. Mpira laini ulisafiri na wanajeshi na maofisa wa Kiingereza hadi Cairo, Peshawar (mji ambao leo uko Pakistani), na klabu za wakoloni Nairobi. Huko wenyeji wakaushika na kuwapita waliouleta. Hashim Khan, aliyeanza kwa kuokota mipira katika klabu ya maofisa Peshawar, alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza mwaka 1951. Mpira mgumu ulibaki Amerika Kaskazini, na kwenye vyuo ukawa kama urithi wa familia: mtoto anaufundishwa katika shule ya bweni ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kisha anakwenda nao Harvard, Yale au Princeton. Kijana wa Pakistani angeweza kuwa hatari kwao alikozaliwa, lakini ukimweka kwenye uwanja ule mwembamba na mpira ule mgumu, angelazimika kuanza upya. Hakuna aliyefunga mlango kwa makusudi. Mpira uliufunga.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 vyuo vilikuwa vimehamia mpira laini. Mlango ukawa wazi kwa wote, ila si wote walioona. Aliyeona ni Paul Assaiante, aliyefika Trinity mwaka 1994. Naye hakulelewa ndani ya skwoshi: ujanani alikuwa mwanasarakasi wa jimnastiki, na skwoshi aliikuta ukubwani akiwa kocha katika chuo cha kijeshi cha West Point. Mwaka 1995 Trinity ikapata mkuu mpya, Evan Dobelle, aliyetaka chuo chake kisikike. Alimuuliza kocha inahitajika nini ili timu iwe bora kuliko zote. Jibu lilikuwa fupi: tuwatafute wachezaji nje ya nchi.

Wakatafutwa. Marcus Cowie alitoka Uingereza, na nyuma yake wakaja vijana wa India, Pakistani, Malaysia, Sweden, Colombia, hata Botswana. Trinity haitoi ufadhili kwa ajili ya michezo. Msaada wa ada hutazama kipato cha familia. Kwa kijana aliyekuwa akipima kati ya kusoma na kuhangaikia skwoshi ya kulipwa isiyo na fedha nyingi, shahada ya Marekani pamoja na raketi haikuwa biashara mbaya.

Lakini hapa pana jambo ambalo watazamaji wengi hulipita. Mechi ya vyuo huchezwa na watu tisa kila upande, wa kwanza dhidi ya wa kwanza mpaka wa tisa dhidi ya wa tisa, na kila pambano lina thamani ileile. Princeton ilikuwa na Yasser El Halaby, Mmisri aliyetwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja mara nne, 2003 hadi 2006. Kombe la timu, miaka yote hiyo minne, lilikwenda Trinity. Nyota huleta pointi moja. Zilizobaki nane zinatafutwa na watu ambao gazeti haliwataji. Assaiante alijaza timu hadi chini, na hapo ndipo wapinzani waliposhindwa kumfuata upesi.

Hata hivyo ilikaribia kuanguka. Fainali ya mwaka 2009, nyumbani kwa Princeton, ilifika 4 kwa 4. Pambano la mwisho lilikuwa la Baset Chaudhry wa Trinity, Mpakistani, na Mauricio Sanchez wa Princeton, Mmeksiko. Gemu ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, Sanchez akaongoza 5 kwa 0. Wakati huo gemu iliisha kwa pointi 9, na pointi ilihesabiwa pale tu ulipokuwa wewe uliyeanzisha mpira. Chaudhry alipata tisa mfululizo. Trinity ikashinda 5 kwa 4.

Tarehe 18 Januari 2012 hesabu ileile, 5 kwa 4, iliwageuka, na aliyewageuzia ni Yale, wale wale wa rekodi ya kuogelea. Pointi ya kuamua ililetwa na John Roberts, aliyetoka Ireland. Wakubwa nao walikuwa wamejifunza kutafuta nje. Mwezi uliofuata Princeton wakachukua ubingwa, wakakata mfululizo wa makombe 13 ya Trinity. Mwaka 2013 kombe likarudi Hartford.