Kwa nini barafu nyingi kwenye chumba cha samaki ni dalili ya joto?

Ukishuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri boti za taa zinaporudi kutoka ziwani, utasikia barafu ikitajwa kama pesa. Mwenye migebuka asiye na barafu huuza kwa bei anayotaka mnunuzi. Ndiyo maana siku nilipoingia kwenye chumba cha baridi cha mfanyabiashara mmoja, nikakuta evaporeta (kile kisanduku chenye feni kinachoning'inia darini) imevikwa barafu nene mpaka feni hazionekani, nilitoa pongezi.

"Fundi, mashine hii ina nguvu kweli."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, ndoo ya maji mkononi. "Nguvu ya wapi, kaka? Nimeiweka hasi 18, inasoma hasi 5. Hii inakata roho."

Kosa langu lilikuwa kudhani barafu ni barafu tu, popote iwapo. Ile ya kwenye kasha la samaki hufanya kazi kwa kuyeyuka: kilo moja ikiyeyuka hunyonya takribani kilojuli 334 za joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwa samaki. Barafu iliyoganda kwenye evaporeta haiyeyuki, kwa hiyo haimpozi yeyote. Ni risiti ya umeme uliokwisha kutumika. Na risiti yenyewe ni ya bei mbaya: kugeuza kilo moja ya mvuke wa hewani kuwa barafu kunadai kuondoa joto la kilojuli kama 2,800. Kwa kazi hiyohiyo ungeweza kupoza zaidi ya kilo 25 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri. Kwa hiyo kila ndoo ya barafu iliyonikosha macho ilikuwa kreti za migebuka ambazo mashine ilishindwa kuzihudumia.

Nilikosea pia mahali maji yanapotoka. Nilidhani ni samaki. Samaki wasiofunikwa hutoa unyevu, ni kweli, na wakiingizwa wakiwa bado wanachuruzika huongeza tatizo. Lakini katika chumba kinachofunguliwa kutwa nzima, mtuhumiwa wa kwanza ni mlango.

Ifikirie hewa kama mpagazi wa zamani wa Ujiji mwenye kapu kichwani, ila kapu hili hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Hewa ya Kigoma msimu wa mvua, tuseme nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75, hubeba kama gramu 20 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa hadi hasi 18, kapu hubaki la gramu 1 hivi. Gramu 19 zilizobaki lazima zitue mahali, na hutua pale penye baridi kuliko pote, yaani kwenye mabomba na mapezi (vibati vyembamba) ya evaporeta. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.5, kikibadilisha hewa yote mara moja, kinapokea zaidi ya nusu lita ya maji. Mlango ukifunguliwa kwa sekunde chache si hewa yote inayobadilika, hivyo hesabu hiyo ni ya kikomo cha juu. Ila simama mlangoni na kandambili uone: hewa baridi ni nzito, inamwagika sakafuni na kukupitia vifundoni kama maji ya sufuria iliyoinamishwa, huku hewa ya moto ikiingia juu ya kichwa chako bila kukugusa.

Mapezi yale ni ya alumini, yamepangwa kama meno ya chanuo, nafasi kati yake milimita chache tu. Barafu inayotua hapo si ngumu kama kioo. Ina vishimo vingi vya hewa, na kitu chenye hewa iliyonaswa ndani ndicho tunachokiita blanketi. Feni inavuta, chanuo limeziba, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) inanguruma, luku inakimbia, na baridi yote imefunikwa blanketi.

Kinga zake ni za kawaida: mapazia ya plastiki mlangoni, raba ya mlango isiyopasuka, samaki wachujwe maji na kufunikwa, makasha yasisogezwe hadi kuziba feni. Kugonga barafu kwa bisibisi ni njia ya haraka ya kutoboa bomba na kumwaga gesi.

Kinachonifurahisha ni kwamba mashine ya baridi hujitibu kwa moto. Taima husimamisha ubaridi, hita zilizofichwa kati ya mapezi huwaka, barafu huyeyuka na maji hutoka nje kupitia bomba. Mara ngapi kwa siku? Wengi huanza na mara 4 kwenye friza, lakini chumba kinachofunguliwa mara mbili kwa siku na kile cha mwaloni haviwezi kufuata ratiba moja. Hita zikishazimika, feni hazipaswi kuwaka papo hapo. Kompresa hutangulia dakika chache ili matone yaliyosalia kwenye mapezi yagande palepale, la sivyo feni huyarusha hadi darini nayo yanaganda huko.

Fundi alinionyesha pia kwamba barafu husema ilikoingilia. Ikijipanga darini karibu na mlango, hewa ya nje inapita juu. Ikichora mstari kwenye fremu, raba imechoka. Siku ile ilikuwa nene zaidi chini, kwenye sinia la evaporeta, ngumu na angavu kama kioo, yaani ilikwisha kuwa maji kabla ya kuganda upya. Akamimina ndoo, akapitisha waya kwenye bomba la kutolea maji, akavuta. Likatoka bonge la magamba ya samaki.