Kuhamisha tovuti bila kuhamisha barua pepe

Ijumaa jioni fundi anawasha tovuti mpya na ofisi nzima inaisifu. Jumatatu asubuhi mhasibu anauliza mbona hajapokea barua pepe hata moja tangu wiki jana. Kwenye dawati letu la msaada hapa Nairobi kisa hiki tumekizoea, na chanzo chake mara nyingi ni kile kile: fundi alibadilisha seva za majina pale ambapo rekodi moja au mbili tu zingetosha.

Chukua duka la vipuri Kirinyaga Road. Mteja anayetaka kununua anafika dukani kwa miguu. Anayetaka kuandika barua anaituma kwa S.L.P. fulani, 00100 Nairobi, nayo inatua kwenye kisanduku pale Posta Kuu. Duka likihamia Industrial Area, sanduku linabaki pale pale na barua zinaendelea kuingia. Jina la kikoa, au domeini kama wengi wetu tunavyosema, limejengwa hivyo hivyo. Rekodi ya A inataja namba ya IP, yaani anwani ya mtandaoni, ya seva yenye tovuti. Rekodi ya MX, ambayo imekuwepo tangu 1986, inataja seva inayopokea barua pepe. Hizi mbili hazilazimiki kuwa kwa kampuni moja.

Seva za majina ni jambo jingine kabisa. Hizo ndizo zinazoshika daftari lenye rekodi zote. Kwa majina ya .ke, KeNIC ndiyo inayotunza orodha ya nani anashika daftari la nani. Ukibadilisha seva za majina umetupa daftari la zamani na kufungua jipya, na mara nyingi daftari jipya la kampuni ya tovuti lina anwani zake yenyewe tu. MX iliyokuwa ikielekeza kwa Google au Microsoft haimo.

Kwa hiyo, kama kinachohama ni tovuti peke yake, ziache seva za majina zilipo. Badilisha rekodi ya A ya jina tupu (lisilo na www) na ile ya www, basi. Kama ni lazima daftari lihame, nakili kila mstari kutoka paneli ya zamani na uujaze kwenye mpya kabla ya kubadilisha. Usitegemee kuzichungulia rekodi kutoka nje: DNS, yaani mfumo mzima wa madaftari haya, hujibu unachouliza kwa jina, na funguo za DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua unazotuma) hukaa chini ya majina ambayo si rahisi kuyabahatisha.

Kuna mtego ambao huwanasa hata mafundi wazuri. Kwenye huduma nyingi za cPanel, ile paneli ya kusimamia tovuti na barua, MX ya jinalako.co.ke imeandikwa jinalako.co.ke yenyewe. Maana yake barua zinafuata rekodi ya A. Umehamisha tovuti, barua nazo zimeifuata hadi kwenye seva isiyozijua, na wewe unaapa kwamba MX hukuigusa. Ni kweli hukuigusa. Dawa ni kufungua kwanza rekodi ya A iitwayo mail, yenye IP ya seva ya zamani, kisha MX iandikwe mail.jinalako.co.ke. MX haipokei namba ya IP, na jina inalolitaja halipaswi kuwa CNAME, yaani lakabu inayoelekeza kwa jina jingine. Ukishamaliza, thibitisha kwa kuandika nslookup -type=mx jinalako.co.ke kwenye kompyuta yoyote ya Windows.

Mtego wa pili ni wa kinyume, nao ni mbaya zaidi kwa sababu hauna kelele. Umehamisha barua pepe, umeacha tovuti. Barua za nje zinafika vizuri. Lakini fomu ya mawasiliano kwenye tovuti imenyamaza. Seva ya tovuti bado inaamini kwamba sanduku la info@jinalako.co.ke liko kwake, hivyo haihangaiki hata kuisoma MX. Inaweka maombi ya wateja kwenye kisanduku chake cha ndani ambacho hakuna anayekifungua. Kwenye cPanel kuna sehemu ya kuchagua njia ya barua: iambie kwamba barua hupokelewa na seva ya nje.

Upande wa kutuma una kanuni zake. Rekodi ya SPF, inayokaa ndani ya rekodi ya maandishi iitwayo TXT, hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Iwe moja tu. Ukiwa na mbili, wapokeaji huhesabu kuwa ni kosa. Kama tovuti inatuma risiti na wafanyakazi wanatumia Google, ziunganishe hivi: v=spf1 a include:_spf.google.com ~all. Kikomo cha SPF ni utafutaji 10 wa DNS, kwa hiyo usirundike huduma usizozitumia. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti haya, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa Gmail wanatakiwa kuwa na SPF, DKIM na DMARC, rekodi inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyothibitishwa.

Muda je? Kila rekodi ina TTL, yaani sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani. Ikiwa ni 14400, hiyo ni saa nne. Siku moja kabla ya kuhama ishushe hadi 300. Na kama seva ya barua itazimika kwa muda usifadhaike, kwa kawaida watumaji hujaribu tena kwa siku kadhaa. Hatari ni seva iliyo hai inayojibu kwamba mtu huyo hayupo, maana hapo barua inarudi kwa mtumaji papo hapo.

Barua za zamani hazihami kwa kubadilisha MX. Zinabaki kwenye seva ya awali, na akaunti ikifungwa zinaondoka nayo. Ilipie mwezi mmoja zaidi, zihamishe kwa IMAP (njia ambayo programu ya barua hutumia kufungua folda zilizo kwenye seva) folda moja baada ya nyingine, na ukague folda ya zilizotumwa, ambayo husahaulika.