Faili kubwa likigoma njiani, uliza kwanza limegomea wapi

Wapiga video wengi wa hapa Lubumbashi wanaponipigia simu, huanza na hukumu: diski imekufa. Ni msimu wa ndoa, kadi za kamera zimejaa, na mtu amenunua diski ya nje akaichomeka nyuma ya ruta ili yeye na mhariri wake waitumie wote bila kunyang'anyana. Picha zinapita. Video ya gigabaiti 20 inakwama. "Papa, inaendaka muzuri, kisha inasimama tu."

Mimi sigusi diski kabla ya kujua inasimamia wapi. Kila mara mahali pamoja, au leo hapa, kesho pale? Hayo ni magonjwa tofauti kabisa, na watu wengi hununua diski mpya kabla ya kuyatenganisha.

Ikiwa kila faili lenye gigabaiti 4 na zaidi linakataliwa na madogo yanapita, usihangaike. Diski imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, na mfumo huo hauwezi kubeba faili moja la ukubwa huo hata diski ikiwa tupu. Ujumbe unaotokea kupitia mtandao unaweza kukupoteza: mara nyingine unasema nafasi imejaa, na huku terabaiti nzima iko wazi. Hamisha kilichomo, kisha fomati upya. exFAT hubeba faili kubwa bila taabu, ila haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa katikati umeme ulipokatika, nasi delestaji, yaani mgao wa umeme, tunaijua. Kwa hiyo wateja wangu nawawekea NTFS, mfumo wa Windows unaoiweka, mradi ruta yao inaukubali. Wenzangu wanaopenda Linux watasema ext4, mfumo wa huko, ni bora, na kwenye ruta ni kweli inakwenda vizuri. Lakini siku ruta ikiungua, mpiga video anataka kuichomeka diski kwenye kompyuta yake ya Windows aone kazi yake, si kujifunza mfumo mpya.

Mwendo wa taratibu ni habari nyingine. Tazama namba kwenye dirisha la kunakili. Ikiganda kwenye megabaiti 11 hivi kwa sekunde, haipandi wala haishuki, mahali fulani njia imeshuka hadi megabiti 100. Mshukiwa wangu wa kwanza ni kebo. Gigabiti inahitaji nyaya zote 8 zilizo ndani yake, megabiti 100 inatosheka na 4. Shika kichwa cha kebo kwenye mwanga, plastiki yake inaonyesha ndani, uhesabu rangi. Nimekuta kebo zilizofungwa kwa mkono zenye nyaya 4 tu, na nyingine zenye 8 lakini mmoja haukufika mwisho; ruta haisemi kitu, inapunguza mwendo tu. Kadi ya gigabaiti 64 kwa njia hiyo inachukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwa gigabiti iliyo nzima, diski na kifaa vikiweza kufuata mwendo huo, ni dakika kumi na kidogo. Kumbuka tu kwamba ruta ndogo ina ubongo mdogo, na kuandika NTFS kunaichosha. Hata ukiipa kebo ya dhahabu, mara nyingi haitavuka kiwango chake.

Ikianza kwa kasi kisha ikaporomoka baada ya gigabaiti kadhaa, hiyo ni kumbukumbu ya muda iliyojaa. Diski nyingi za bei nafuu huandika mistari yao ya data ikipandiana, na sehemu ya haraka ikijaa zinaanza kupumua. Ziache zimalize, hazijaharibika.

Sasa ile inayokata ovyo. Hapa ndipo muda wangu mwingi unakwenda, na mara nyingi chanzo ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Diski ndogo isiyo na adapta yake inaweza kutaka zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka, au inapoandika kwa muda mrefu. Weka sikio karibu: ukisikia kli, kimya, kli tena, inakosa nguvu. Tumia habu yenye adapta yake, au diski kubwa inayochomekwa kwenye prizi. Halafu kuna ile dakika ya kuhamia kwenye grupu, yaani jenereta. Laptopu ina betri, haioni kitu. Taa za nyumba zinapepesa tu. Lakini ruta imezima na kuwaka upya, na faili limekatika. Mwenyewe anaapa kwamba umeme haukukatika. Ondulere moja ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa ruta na diski pamoja huponya mengi kuliko diski mpya.

Kama unatumia Wi-Fi, angalia pia diski imelala wapi. Watu hupenda kuiweka juu ya ruta, kati ya antena, inapendeza. Intel ilionyesha mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 na kebo zake hutoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo Wi-Fi inatumia. Kadiri diski inavyoandika, ndivyo Wi-Fi inayoiletea data inavyozibwa masikio. Isogeze mbali na antena, hamia gigahezi 5, au bora zaidi vuta kebo. Mimi faili la gigabaiti 20 silitumi kwa Wi-Fi nikiwa na kebo mkononi.

Ukiwa bado na shaka, chomoa diski kwenye ruta, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, unakili faili lilelile. Likipita, acha diski, rudi kwenye ruta, kebo na umeme. Likikwama hapo pia, soma SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea: sekta zinazosubiri, yaani vipande ambavyo diski imeshindwa kuvisoma, zikiongezeka, okoa kilichomo leo.

Kwa kunakili kwenyewe, achana na kuburuta kwa kipanya. Kwenye Windows natumia amri ya kunakili iitwayo robocopy na /Z, ili ikikatwa iendelee pale ilipofikia, pamoja na /R:5 /W:10, kwa sababu ukiiacha ilivyo itajaribu tena mara milioni 1, ikisubiri sekunde 30 kila mara, nawe utadhani imelala. Kwenye Linux, amri ya rsync na --partial. Na kadi ya kamera haifutwi kabla ya kulinganisha alama za SHA256, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka faili zima, za faili la kadi na la nakala yake. Certutil, iliyomo tayari ndani ya Windows, inatoa alama hizo bila kusakinisha chochote. Kwa video ya gigabaiti 20 kwenye megabiti 100, kupima nakala ya kwenye diski huchukua nusu saa hivi, maana faili zima linasomwa tena kupitia mtandao.