Jinsi ya kulisoma jina la simfoni

"Simfoni Na. 5 katika C maina, Op. 67." Jina kama hili huwatisha wengi, kumbe limebeba mengi anayohitaji msikilizaji. Ni utunzi wa Ludwig van Beethoven, uliopigwa hadharani mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808.

Simfoni ni utunzi mrefu wa okestra, aghalabu wenye sehemu nne, kila moja na mwendo wake. Mwendo huandikwa kwa Kiitaliano: sehemu ya kwanza hapa ni Allegro con brio, yaani haraka na kwa nguvu, ya pili Andante con moto, mwendo wa kutembea bila kuzubaa. Op. ni kifupi cha opus, "kazi" kwa Kilatini. Namba yake kwa kawaida hufuata mpangilio wa kuchapishwa, kwa hiyo usiitumie kukisia umri wa mtunzi.

Utamu uko kwenye C maina. C ndiyo ufunguo, noti ambayo muziki unaihesabu kuwa nyumbani: unaondoka, unazunguka, na sikio halitulii mpaka urudi. Sasa kaa kwenye piano. Bonyeza C, hesabu vitufe vinne kwenda kulia, vyeusi vikiwemo, utue kwenye E. Zipige pamoja: sauti imechangamka, ndiyo meja. Rudi kitufe kimoja, kwenye E flati, uzipige tena. Pamekuwa na kiza, ndiyo maina. Tofauti ni nusu toni moja tu. Wengi husema maina ni huzuni. Mimi simfoni hii huisikia kama hasira.

Motifu ni kipande kifupi cha noti ambacho mtunzi hukitumia kama mbegu. Hapa ni noti nne, tatu fupi na moja ndefu. Wanaosoma solfa wataimba mi-mi-mi-do, halafu re-re-re-ti (katika maina nyumbani ni la, si do). Angalia ujanja wake: katika noti hizo nane hakuna C hata moja. Jina limeshatuambia nyumbani ni wapi, lakini sikio bado halijaonyeshwa mlango. Baadaye, katika sehemu ya tatu, baragumu zinaurudia mdundo uleule, fupi tatu na ndefu moja, kwa noti isiyopanda wala kushuka.

Sehemu hiyo ya tatu haimaliziki. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinabaki zikigonga C chinichini, vinanda vya nyuzi vikijikusanya juu yake, kisha bila kituo sehemu ya nne inalipuka, pamoja na tromboni, ala za shaba zenye sauti nzito, ambazo zilikuwa kimya tangu mwanzo. Nyumbani ni palepale, C. Ila ile E flati imepanda nusu toni, na sasa tuko C meja.