Shairi Lililoumbwa Libebwe: Dhana Potofu Kuhusu Ushairi wa Harakati, Uponyaji na Jumuiya

Ushairi unapotajwa katika mazungumzo ya haki, ya majonzi au ya maisha ya pamoja, hukosewa na watu wa aina mbili. Wapo wanaoudharau na kuuona kuwa pambo la maneno lisilofaa siku ya shida, na wapo wanaousifu kupita kiasi, wakiamini kwamba beti chache zaweza kuangusha dhalimu au kumponya mgonjwa. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kulitazama shairi kama ujumbe tu, au kama hisia tu, na kusahau kwamba shairi ni umbo lililotengenezwa ili maneno ya mtu mmoja yaweze kubebwa na watu wengine.

Dhana: Shairi la harakati ni kauli mbiu iliyotiwa vina

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka uliouliza “Kenya: Twendapi?”, akashtakiwa kwa uchochezi, na hatimaye akatumikia kifungo cha miaka mitatu. Gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje na kuchapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi.

Linganisha maandishi hayo mawili. Waraka ulisema mambo waziwazi, kwa lugha ya nathari, na ukamfikisha mwenyewe mahakamani; mashairi yaliyofuata yalizungumza habari za mamba anayejigamba mtoni kana kwamba ataishi milele, na za watu wawili wanaogombea mnazi, mmoja akiwa juu na mwingine chini. Katika shairi la mamba, mshairi anaanza kwa kutangaza kwamba ataupamba usemi wake ili uwapendeze wasomaji, kisha ataufumba ili waufumbue wale wawezao. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kauli mbiu humwambia msikilizaji la kufikiri na kumwachia kazi ya kuitikia tu, ilhali fumbo humlazimisha aumalize usemi mwenyewe, na maana ambayo mtu ameifumbua kwa akili yake humkaa moyoni kuliko ile aliyopokea ikiwa tayari. Isitoshe, fumbo humpa mshairi mahali pa kujikinga, jambo ambalo mtu aliye huru hulisahau upesi. Naamini pia kwamba ndiyo sababu mnazi ule unasomeka mbali na Kenya ya miaka ya 1970, kwa kuwa popote penye mali ya wote inayoliwa na wachache, watu hao wawili bado wanabishana.

Hii haina maana kwamba kila shairi la harakati lina ubora. Mengi ni dhaifu, hasa yale yanayoandikwa kwa haraka ili mwandishi aonekane yuko upande unaofaa. Lakini udhaifu huo hutokana na ufundi mchache, hautokani na siasa yenyewe.

Dhana: Ushairi haubadilishi kitu

Anayesema hivi kwa kawaida hutafuta tukio: sheria iliyofutwa, mlango wa jela uliofunguliwa. Mara chache atalipata, na mtetezi wa ushairi asiyeukubali ukweli huo hujiharibia hoja. Shairi hufanya kazi nyingine, iliyo ya polepole, ya kuzuia jambo lisisahauliwe kwa namna ambayo wenye nguvu wangependa lisahauliwe.

Anna Akhmatova, mshairi wa Kirusi, alisimama kwa miezi 17 katika foleni za magereza ya Leningrad akisubiri habari za mwanawe aliyekamatwa. Anasimulia kwamba siku moja mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mwenye midomo iliyopauka kwa baridi, alimnong’oneza akimuuliza kama angeweza kuyaeleza hayo yote, naye akajibu kwamba anaweza. Shairi lililotokana na foleni hizo, Requiem, lilikuwa hatari hata kulihifadhi ndani ya nyumba. Aliandika vipande kwenye karatasi, rafiki akavisoma kimyakimya mpaka akavihifadhi kichwani, kisha karatasi ikachomwa moto. Kwa miaka mingi shairi hilo liliishi katika kumbukumbu za marafiki wachache, likachapishwa Ujerumani mwaka 1963, na katika Muungano wa Sovieti mwaka 1987. Ripoti ya kurasa 40 isingeweza kuishi hivyo. Vina na mapigo, ambavyo wengi huviona kuwa urembo, ndivyo vilivyokuwa ghala la shairi wakati ambapo karatasi ilikuwa adui.

Mfano wa Zanzibar uko karibu nasi zaidi. Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka katika ufukara, aliyewahi kuuza vyungu na ambaye hakupata elimu ya shule, alirekodi nyimbo zake huko Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni ule unaosimulia habari za Kijiti, aliyemchukua mgeni wa kike akamrudisha akiwa maiti, kisha akatoroka. Na mahakama ya kikoloni ikaishia kuwaadhibu wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyokuwapo usiku ule. Wimbo haukumrudisha marehemu wala haukutengua hukumu. Uliweka hukumu ya pili, ile ya watu, kando ya hukumu ya hakimu, na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki vinywani. Nadhani mfano huu unatosha pia kuijibu dhana nyingine, isiyostahili nafasi kubwa, kwamba ushairi ni mali ya wasomi.

Dhana: Mshairi daima yuko upande wa wanyonge

Ningependa iwe hivyo, lakini historia inakataa. Yale yale yanayolifanya shairi libebeke kirahisi yanamfaa pia mtawala. Watawala wa nyakati zote wamekuwa na washairi wa kuwasifu, na vita vingi vimeanza kwa beti kabla ya kuanza kwa silaha.

Kuna mifano isiyo mibaya kiasi hicho ambayo nayo inahitaji kufikiriwa kwa makini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Julius Nyerere aliwaomba washairi wa Tanzania wasaidie kulieneza, na Mathias Mnyampala pamoja na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, wakaupa nguvu utungo wa ngonjera, ambamo wahusika hubishana kwa beti mpaka asiyejua akubali. Ngonjera zilifika shuleni na vijijini na kuwafikia watu ambao hotuba za wataalamu zisingewafikia. Hata hivyo, katika nyingi kati ya hizo mshindi wa mjadala alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Sisemi hivyo kuwabeza waliozitunga, kwa kuwa wengi wao waliamini kwa dhati walichokitetea. Nasema ili msomaji anapolisikia shairi tamu la umma ajiulize kama mhusika wa pili ameruhusiwa kweli kushinda.

Dhana: Maumivu hayataki kanuni

Wengi huamini kwamba shairi la kuponya ni lile linalomwagika bila mpango, na kwamba vina, mizani na vibwagizo huizuia hisia. Hii ndiyo dhana ninayotamani kuliko zote iangaliwe upya.

Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa na akijua kwamba huenda asipone, alimtungia binti yake utenzi wa wosia. Katika ubeti wa pili anasema:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mwaka mzima wa ugonjwa, na mwaka mzima wa kushindwa kusema. Kilichomfungua kinywa ni umbo la utenzi, lenye mishororo minne mifupi, mizani minane katika kila mshororo, vina vitatu vinavyofanana na kituo kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mtu aliyezidiwa na maumivu huwa hajui aanzie wapi wala aishie wapi, na umbo humpa vyote viwili. Mizani minane mtu anaweza kuibeba hata akiwa kitandani. Akiimaliza, anaweza kuibeba mingine minane.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alifanya jambo linalokaribiana na hilo. Kila ubeti wa maombolezo yake unarudi kwenye maneno yale yale, “Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua”, na aliyewahi kufiwa anajua kwamba huzuni huenda hivyo hivyo: mtu huondoka, akazungumza mambo mengine, kisha akarudi pale pale. Kibwagizo hakiizuii huzuni hiyo, kinaipa njia ya kurudia bila kumzamisha mtu. Tangu wakati huo wako watu wasiomjua Amina ambao wameyatumia maneno hayo kwa wapenzi wao waliofariki, na hilo lisingewezekana kama mshairi angeandika tu orodha ya mambo aliyoyahisi.

Haitakuwa haki kuishia hapo bila kukumbuka kwamba Euphrase Kezilahabi, katika diwani yake Kichomi ya mwaka 1974, aliviacha vina na mizani kwa makusudi na bado akaandika uchungu unaogusa. Ubishi mkali uliofuata kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanausasa, walioviacha, ulitumia nguvu nyingi kuuliza lipi ni shairi na lipi si shairi. Kwa mwenye jeraha swali linalofaa ni dogo zaidi: je, umbo nililolichagua, liwe la kale au huru, linanisaidia kulishika jambo hili bila kuungua?

Dhana: Kuandika kunaponya, kwa hiyo mpe mgonjwa kalamu

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Kimarekani James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne, kuhusu matukio yaliyowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Habari hii hurudiwa mara nyingi, lakini mambo mawili huachwa nje. La kwanza ni kwamba mara tu baada ya kuandika, wanafunzi hao walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. La pili ni kwamba hawakuandika mashairi. Waliandika nathari ya kawaida. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo, na haimfikii kila mtu.

Kwa sababu hiyo, wanaotumia ushairi kwa uangalifu katika tiba mara nyingi huanza na shairi la mtu mwingine, wakalisoma pamoja, wakauliza ni mshororo gani umemgusa nani, na ndipo kalamu zikashikwa. Shairi la mgeni hutangulia kama ngao, maana mtu anaweza kuzungumzia kifo kilichomo ndani yake kabla ya kukigusa kile cha nyumbani kwake. Kikundi kizuri hukubaliana mapema kwamba yasemwayo hayatoki nje, na kwamba hakuna anayelazimishwa kusoma alichoandika. Na mtu anayefikiria kujiua, au ambaye kumbukumbu zinamnyima usingizi kwa wiki nzima, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili mara moja. Shairi linaweza kumsindikiza katika safari hiyo, lakini tiba yenyewe itoke kwa mtaalamu.

Dhana: Ushairi ni kazi ya mtu mpweke

Picha ya mshairi aliyejifungia chumbani ni ngeni kabisa kwa ushairi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mengi kwa kumjibu mtu au kwa kumchokoza mtu ajibu, na katika miaka ya uhasama kati ya Mombasa na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, beti zilivuka bahari zikarudi na majibu. Alifariki karibu na mwaka 1840, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akishirikiana na mmishonari William Taylor, alizikusanya tungo hizo kwa watu waliokuwa bado wakizikumbuka. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliendeleza utaratibu huo kwa njia ya chapa, kwani msomaji alituma swali lake kwa shairi, na msomaji wa mji mwingine akalijibu kwa shairi.

Kujibizana huko kuna masharti ambayo mara nyingi hayatazamwi kwa uzito unaostahili. Anayejibu anatarajiwa kulifuata umbo la aliyeuliza, hivyo hawezi kujibu bila kwanza kusikiliza kwa makini, mpaka kwenye silabi. Wasomali walilitumia sharti linalofanana na hilo chini ya utawala wa rais wao Siad Barre, ambao ulikuwa umemfunga mshairi wao mkubwa, Hadraawi, tangu mwaka 1973 hadi 1978. Mwishoni mwa mwaka 1979 mshairi Gaarriye alianzisha mnyororo wa mashairi ulioitwa Deelley, ambamo kila mstari ulipaswa kubeba neno linaloanza kwa D. Washairi wengi waliingia mmoja baada ya mwingine, wakijadili ukabila na utawala wa nchi yao, na mashairi yakasambaa kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono. Hata aliyeingia kwa nia ya kupinga alilazimika kuishika kwanza herufi ya mpinzani wake.