Jaguar E-Type: namba za kwenye chuma na majina ya kwenye kadi

Ukitaka kununua Jaguar E-Type, gari la michezo la zamani la Uingereza, muuzaji hukukabidhi bahasha nene yenye risiti, picha na kadi za zamani. Iweke kando kwanza. Karatasi zinaweza kuwa halali kabisa na bado zikawa za gari jingine, au za gari ambalo leo limebaki nusu tu. Mimi huanzia kwenye chuma.

Gari hili lilizinduliwa Geneva Machi 1961 likiwa na injini ya lita 3.8. Oktoba 1964 ikaja ya lita 4.2. Kila gari lilitoka kiwandani Coventry na namba nne: ya chesisi, ya injini, ya bodi na ya gia boksi. Fungua boneti, tafuta ile fremu ya mraba iliyo mbele kabisa, kisha angalia upande wa kulia, juu ya mahali shokapu ya mbele inapofungwa. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na umulike tochi kwa ubavu, maana ukimulika kutoka juu tarakimu hazionekani vizuri. Hiyo ndiyo namba ya chesisi. Ya injini imegongwa kwenye bloku juu ya chujio la oili, na imerudiwa mbele ya silinda hedi. Kwa injini ya 3.8 inaanza na R, kwa 4.2 za mwanzo inaanza na 7E, na mkia wa /8 au /9 unaonyesha uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda.

Namba ya chesisi inasema mengi. Katika 3.8, zinazoanza na 850 au 860 ni za magari ya usukani wa kulia; zinazoanza na 875 au 885 ni za kushoto. Katika 4.2 kuna mtego: gari la wazi lenye 1E1 na tarakimu tatu baada yake, mfano 1E1234, ni la usukani wa kulia, lakini 1E12345 ni la kushoto. Tarakimu moja tu! Magari mengi yaliuzwa Marekani, baadaye yakarudishwa Uingereza na kuhamishiwa usukani upande wa kulia. Kuhamisha usukani si kosa. Kosa ni kuliuza kwa bei ya gari lililozaliwa na usukani wa kulia.

Tatizo kubwa liko kwenye ile fremu ya mraba. Imefungwa kwa bolti, haikuchomelewa kwenye bodi, kwa hiyo gari likigongwa mbele au mabomba ya fremu yakiliwa na kutu kwa ndani, fundi huweka mpya. Fremu mpya haina namba, inabidi igongwe. Kama risiti ipo na kipande cha zamani kimehifadhiwa, sina shida. Kama uso wa chuma umepigwa tupa, tarakimu zinapishana kina, na muuzaji anasema hajui lolote, nenda zako. Kibati cha namba kilichoko kwenye ukuta wa injini hakithibitishi kitu, nakala zake zinauzwa madukani.

Baada ya hapo mwombe mwenye gari achukue cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda. Kinataja namba zote nne, rangi ya bodi na ya viti, tarehe ya kutengenezwa na wakala aliyepelekewa gari. Mara nyingine hata mnunuzi wa kwanza. Ila kinaeleza kilichotoka kiwandani, hakijui kilichomo leo. Kulinganisha ni kazi yako.

Sasa fungua bahasha. Hati ya V5C, yaani cheti cha usajili wa gari cha Uingereza, usiichukulie kama kadi ya gari ya kwetu: yenyewe inasema si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliyesajiliwa kuwa na gari, pamoja na idadi ya waliomtangulia. Kadi za zamani, za kabla usajili haujahamishwa kutoka halmashauri kwenda ofisi kuu ya Swansea miaka ya 1970, ndizo tamu: zina majina, anwani na mihuri ya halmashauri, mmiliki baada ya mmiliki. Ukiipata moja, ithamini kuliko picha zote.

Herufi ya mwisho kwenye pleti nayo hudanganya. C ni ya 1965, lakini gari lililorudi kutoka Marekani miaka ya 1990 laweza kupewa pleti ya umri wake ingawa halikuwahi kuendeshwa Uingereza mwaka huo. Kwenye V5C tafuta tarehe mbili: ya usajili wa kwanza, na ya usajili wa kwanza Uingereza.

Kwa maili, panga vyeti vya ukaguzi vya MOT kwa tarehe. Vya kuanzia 2005 vinasomeka mtandaoni. Tangu 2018 magari yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo, kwa hiyo pengo la miaka ya karibuni lisikushtue. La kukushtua ni maili kupungua kati ya vyeti viwili bila risiti ya kubadilisha mita.